Kabla hujasema mtandao unasumbua

Msimu wa tumbaku uliopita, karani wa chama kimoja cha ushirika huku Tabora alinipigia simu saa nne asubuhi. "Kaka, mtandao unasumbua." Alikuwa amebofya kitufe cha "Tuma taarifa za mauzo" kwenye mfumo niliowatengenezea. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu ukurasa ukageuka mweupe na maandishi ya Kizungu katikati: 504 Gateway Time-out. Akabofya tena. Hali ikawa ileile. Alibofya mara nne kwa jumla, akakata tamaa, akaenda kunywa chai.

Mchana wakulima wakaanza kuingia ofisini. Mzee mmoja alikataa hata kiti. Alininyooshea simu yake: "Mwanangu, ujumbe umeingia mara nne, kilo zilezile, hela ileile. Benki nimekuta ya mara moja. Hizo tatu nyingine ziko wapi?"

Mtandao haukuwa na tatizo lolote siku ile. Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo mafundi wengi wa mifumo tunalifanya: nilikuwa nimeweka kazi ya karakana kwenye dirisha la kupokelea wateja. Huku kwetu kila kitu kinachochelewa kwenye skrini kinaitwa "mtandao", iwe benki, iwe shule, iwe ofisi ya ardhi. Mara nyingine ni mtandao kweli. Lakini mara nyingi sana kinachokuzungusha ni kitu kingine, na ukikielewa utajua lini ubofye tena na lini uache kabisa kugusa.

Maneno machache kwanza. Seva ni kompyuta inayokaa macho muda wote ikisubiri kuulizwa. Kivinjari ni ile programu ya kwenye simu au kompyuta yako, kama Chrome au Firefox, ambayo ndiyo inayouliza. Skripti ni orodha ya maagizo iliyoandikwa kwenye faili, na kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Halafu kuna dirisha la amri, lile dirisha jeusi ambamo fundi anaandika maneno badala ya kubofya picha. Skripti ya dirisha la amri haihitaji ukurasa wala mtu wa kuitazama. Anaweza kuianzisha fundi, au saa ya kompyuta, au programu nyingine. Mtu akisema kazi inaendeshwa "nyuma", maana yake ni kwamba imeanzishwa, na aliyeianzisha ameachiwa aendelee na mambo yake.

Baraza na cherehani

Nenda kwa fundi cherehani yeyote pale Ng'ambo. Unampa kitenge, anakupima, anaandika jina lako kwenye kikaratasi na kukibana kwa pini kwenye kitambaa, anakwambia uje Ijumaa. Shughuli nzima haizidi dakika 5. Kushona kwenyewe ni siku 2 au 3, lakini hujawahi kuona mteja amesimama barazani siku 3 akimwangalia fundi anavyokanyaga cherehani. Angefanya hivyo, wateja wengine wangepita wapi?

Ukurasa wa tovuti umeundwa kwa ajili ya zile dakika 5 za barazani. Kivinjari kinauliza swali moja, seva inatoa jibu moja, wanaachana. Kumwonyesha karani namba ya simu ya mwanachama ni kazi ya barazani. Kuandaa taarifa za wanachama zaidi ya 600, kila mmoja na kilo zake, madaraja ya tumbaku yake na makato ya pembejeo, kisha kutuma ujumbe mfupi kwa kila simu, hiyo ni kushona. Mfumo wangu ulikuwa unamsimamisha karani barazani mpaka nguo ya 600 imalizike.

Tatizo ni kwamba barazani pana saa, tena zaidi ya moja, na kila moja ina mwenyewe. Lugha ya kuandikia programu iitwayo PHP, ambayo ndiyo niliyotumia, ukiikuta kama ilivyotoka kiwandani inaipa skripti ya ukurasa sekunde 30. Mbele yake kuna Nginx, programu inayopokea wageni mlangoni, nayo kwa kawaida inasubiri jibu kutoka ndani kwa sekunde 60. Zikipita bila kusikia kitu, inaandika ile 504 na kugeukia mgeni mwingine.

Hapo ndipo siri ya ujumbe mara nne ilipojificha. Zile sekunde 30 za PHP, kwenye seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, zinahesabu tu muda ambao skripti yenyewe inachapa kazi. Muda inaokaa ikisubiri jibu la kampuni ya ujumbe mfupi, au ikisubiri hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za mfumo, hauhesabiwi. Kazi iliyojaa kusubiri inaweza kwenda dakika nyingi bila kuzifikisha hizo 30. Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni alipofika sekunde ya 60 akamtangazia karani kwamba mambo yameshindikana, ilhali ndani fundi hana habari, anaendelea kushona. Karani akabofya tena, akaingia fundi wa pili na kitambaa kilekile. Halafu wa tatu. Halafu wa nne.

Wengi wanaamini ukifunga ukurasa, au ukiona ujumbe wa kosa, basi kazi imesimama. Si lazima. PHP hugundua kwamba mteja ameondoka pale tu inapojaribu kumwandikia kitu, na skripti isiyoandika chochote mpaka mwisho haitajua kabisa. Kwa mtumiaji, maana yake ni hii: ukurasa wa malipo au wa kutuma kitu ukikwama, usibofye tena kabla hujaangalia kama kazi ya kwanza imefanyika. Angalia salio, angalia orodha, piga simu uulize. Ile 504 inakwambia kwamba jibu limechelewa. Haikwambii kama kazi imefanyika au haijafanyika.

"Si uongeze muda tu?"

Swali hili huulizwa na kila mtu, nami nililijibu vibaya kwa miaka. Ndiyo, muda unaongezeka. Unabadilisha 30 kuwa 600, unamwambia na Nginx asubiri, kiduara kinazunguka dakika 10, mwisho kazi inaisha. Shangwe.

Ila baraza lina nafasi chache. PHP ya kwenye seva za Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ikiwekwa bila kurekebishwa, huja na nafasi 5 za kuhudumia wageni kwa wakati mmoja. Watu 5 wakibofya kitufe kirefu, nafasi zimejaa. Wa sita, ambaye anataka tu kuona bei ya daraja fulani, anakaa nje akisubiri, na yeye ndiye atakayepiga simu kusema mtandao unasumbua. Kuongeza muda ni kumletea mteja kiti akae palepale mlangoni. Atapumzika miguu, lakini mlango bado umezibwa.

Dawa ni kuipeleka kazi nyuma, na njia ya mkato kuliko zote ni mstari mmoja ambao ukurasa unaupeleka kwenye dirisha la amri:

nohup php tuma.php > tuma.log 2>&1 &

Tuuchambue taratibu, kwa sababu kila alama hapo ina kisa. "php tuma.php" ni kazi yenyewe. Ile alama ya & mwishoni ndiyo inayosema: anza, usinisubirishe. Alama ya > inaelekeza maneno yote ya skripti yaandikwe kwenye faili la kumbukumbu badala ya kumrudia aliyeiita. Na 2>&1 inasema malalamiko nayo yaende hukohuko; skripti ina mifereji miwili ya kutolea maneno, wa maneno ya kawaida na wa makosa; 1 ni namba ya ule wa kawaida, na 2 ya ule wa makosa.

Wanaoanza hunasa hapa. Wanaweka & wanasahau >, kisha wanashangaa ukurasa bado unasubiri. PHP ikiita amri ya nje, hukaa ikisikiliza mpaka mfereji wa maneno ufungwe. Kama mfereji bado umeunganishwa kwake, & haisaidii kitu. Ni sawa na kumuaga mtu kwenye simu kisha ukaacha laini wazi mfukoni.

Na nohup? Hilo neno limerithiwa kutoka zama ambazo watu waliunganika na kompyuta kubwa kupitia laini ya simu ya waya. Ukikata simu, kompyuta ilituma ishara kwa kazi zako zote: mwenyewe kaondoka, nanyi zimeni. Nohup inaiambia kazi iipuuze ishara hiyo. Laini zile hatuna tena, ishara bado ipo.

Niseme pia kwamba kazi haiendi haraka zaidi kwa kuwa imepelekwa nyuma. Ujumbe 600 utachukua dakika zilezile. Tofauti ni kwamba karani ameachiliwa, na baraza liko wazi kwa wengine. Wateja wangu wengi hudhani nimewauzia kasi, na sina budi kuwarekebisha kabla hawajanilaumu.

Kwa mkono inakubali, kwenye ukurasa inagoma

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unaandika skripti, unaiendesha mwenyewe kwenye dirisha jeusi, inakubali vizuri kabisa. Unaiunganisha na kitufe, unabofya, kimya. Hakuna kosa wala ujumbe.

Sababu ni kwamba anayeiendesha si wewe tena. Kwenye Ubuntu na nduguye Debian, ukurasa unafanya kazi kwa jina la mtumiaji anayeitwa www-data, kijakazi aliyenyimwa funguo makusudi ili akitekwa na wahuni asifike mbali. Folda ambayo wewe unaandika bila kufikiri, yeye haruhusiwi hata kuifungua. Isitoshe, njia anazozijua za kutafutia programu ni chache kuliko zako, na anaanzia kwenye folda tofauti na uliyosimama wewe. Ukimwambia "leta php" anaweza akaangalia kushoto na kulia asiione. Mwambie kwa anwani kamili, /usr/bin/php, na mafaili yote uyataje hivyohivyo kuanzia kwenye mzizi, yaani ile alama ya / ya mwanzo. Mwisho, jaribu skripti ukiwa umevaa jina lake, si lako. Ningelijua hili mapema, usiku ule ningelala.

Kuna na hatari ambayo haina mzaha. Fikiria ukurasa una kisanduku cha kuandika jina la kijiji, na jina hilo linaingizwa moja kwa moja kwenye ule mstari wa amri. Kwenye dirisha jeusi alama ya nuktamkato (;) ina maana ya "amri hii imeisha, inayofuata ni hii". Mtu akiandika "Urambo" hakuna neno. Akiandika "Urambo; " kisha akaongeza amri ya kufuta mafaili, seva itatii, kwa kuwa haijui kwamba sehemu ya pili imetoka kwa mgeni. PHP ina kifaa kiitwacho escapeshellarg cha kuyafunga maneno ya mgeni ndani ya gunia yasitoke. Mimi napendelea kutopitisha maneno yake kabisa: yahifadhiwe kwenye hifadhidata, amri ipewe namba tu.

Mwezi Septemba 2014 dunia nzima ilipata fundisho la namna hii. Kwenye Bash, programu inayosoma amri kwenye mashine nyingi za Linux, ilionekana kasoro iliyoitwa Shellshock. Kurasa zilizokuwa zinaita Bash kwa nyuma ziliweza kudanganywa kuendesha amri za mtu wa nje. Kasoro yenyewe ilikuwa imekaa humo tangu 1989, miaka 25 bila kuonekana hadharani.

Kikaratasi kwenye pini

Mstari wenye & unatosha kwa kazi ndogo. Kwa ya ushirika haukutosha, na sababu ya kwanza ni umeme. Mashine ikizimika katikati, kazi iliyorushwa kwa & inapotea kama moshi, wala hakuna anayekumbuka ilifika kwa mwanachama wa ngapi. Sababu ya pili, haizuii mafundi wanne kushona kitambaa kimoja.

Fundi cherehani ana jibu lake, nalo ni kile kikaratasi. Kwenye mfumo kinaitwa foleni. Karani akibofya, ukurasa haushoni chochote; unaandika mstari mmoja kwenye jedwali la hifadhidata: kazi namba fulani, ya msimu fulani, imeombwa na fulani, hali yake "inasubiri". Kisha unamjibu papo hapo. Nyuma kuna skripti ya dirisha la amri ambayo haina ukurasa, ndiyo fundi mwenyewe. Inachukua kikaratasi cha juu, inabadilisha hali kuwa "inaendelea", inashona, inaandika "imekamilika" au "imeshindikana". PHP inayoendeshwa kwa dirisha la amri haina ile saa ya sekunde 30. Ikitoka kiwandani haina kikomo.

Ni nani anayemwamsha fundi? Njia rahisi ni cron, saa yenye umri wa zaidi ya miaka 40 iliyotoka kwenye Unix, mfumo uliotangulia Linux, ambayo unaweza kuiagiza: kila dakika, endesha skripti hii. Hatari yake ni kazi ya dakika 7 kwenye saa ya dakika 1. Kabla fundi wa kwanza hajamaliza, cron imeamsha wengine sita. Kuna amri ndogo iitwayo flock inayoweka kufuli mlangoni; ukiiongezea -n, anayekuja akikuta limefungwa anarudi zake. Njia nyingine ni kuwa na fundi anayekaa macho muda wote na mfumo wa kumsimamia anayemwinua akianguka. Kwenye Linux nyingi za leo msimamizi huyo ni systemd. Wenye mifumo mikubwa hutumia vifaa vilivyokwisha tengenezwa, Celery kwa wa lugha ya Python, Sidekiq kwa wa lugha ya Ruby, foleni za Laravel kwa wa PHP. Ndani yake wote wana kikaratasi na pini.

Hata wale walioandika kanuni za mawasiliano ya tovuti walilifikiria hili. Jibu la kawaida la seva likienda sawa ni namba 200. Lakini ipo 202, ambayo maana yake ni: nimepokea, sijamaliza. Umeshaliona kwa sura nyingine kwenye simu yako. Unatuma pesa, skrini inasema ombi lako limepokelewa, subiri ujumbe. Halafu ujumbe unaingia baadaye. Hapo simu haijakwama, imekupa kikaratasi.

Sasa, sote tunawajua mafundi cherehani. Ijumaa unafika, "njoo kesho". Kesho, "umeme ulikatika". Kazi ya nyuma ina ugonjwa huohuo: ikifa, inafia mafichoni na hakuna anayesikia. Ndiyo maana mimi siku hizi natumia muda mwingi zaidi kwenye kuripoti kuliko kwenye kushona. Kila programu ya dirisha la amri ikimaliza huacha namba. 0 ni salama, nyingine yoyote ni tatizo, na namba hiyo lazima isomwe na mtu au na skripti nyingine. Karani naye lazima aone: 214 kati ya 640, zimeshindikana 3, hizi hapa. Simu zilizofungwa, namba iliyokosewa tarakimu. Asipoona kitu kinasogea atabofya tena, wala simlaumu.

Kilichobaki kilikuwa kuhakikisha hata akibofya mara kumi, mkulima anapata ujumbe mmoja. Niliweka sharti kwenye hifadhidata yenyewe: mwanachama mmoja, mauzo mamoja, ujumbe mmoja, na fundi huangalia daftari kabla ya kila mshono. Umeme ukirudi, anaanzia pale alipoachia, si kwa mwanachama wa kwanza.

Tulijaribu mfumo mpya kwenye masoko ya mwisho ya msimu. Karani alibofya, ikatokea "Kazi namba 12 imepokelewa". Mkono una mazoea, akabofya tena. Ikajibu: "Kazi hii tayari ipo kwenye foleni." Akacheka, akaenda kunywa chai kama kawaida yake, aliporudi zilikuwa zimebaki 40.

Kesho yake asubuhi yule mzee alikuja tena. "Mwangaluka," akanisalimu, safari hii akavuta kiti. Akanionyesha simu.

"Mwanangu, mbona umeingia mmoja tu?"